CT skani ya kifua kwa nimonia: kabla hamjachangishana hela

Hapa Tanga mtu akikohoa tu mfululizo na homa juu, ndugu washaanza, apelekwe CT skani, ile mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani ya mwili kipandekipande, ijulikane kama ni virusi. Shangazi yangu alipougua mapafu simu zilikuwa haziishi, huyu yuko Dar, huyu Muheza, na kila mmoja daktari. Nilikaa naye wodini mpaka akatoka, kwa hiyo naongea nilichokiona na nilichoelezwa pale.

CT haimwoni kirusi jamani. Inaonesha pafu limeathirika vipi, basi. Nimonia ya virusi mara nyingi inaacha madoa mepesi kama kioo kilichoshika ukungu, tena mapafu yote mawili, na ile ya korona inapenda kukaa pembezoni na chini. Ya bakteria kwa kawaida inajaza sehemu moja ya pafu inakuwa nyeupe pee. Sasa shida ni kwamba ukungu huohuo unaletwa na mafua makali, moyo ulioshindwa kazi maji yakajaa mapafuni, fangasi wa watu ambao kinga imeshuka, hata dawa nyingine. Ndo maana ripoti inaandika "inaelekea kuwa", halafu daktari anaiunganisha na dalili na kipimo cha puani. Na siku za mwanzo kabisa picha inaweza kutoka safi na mtu anaumwa kweli.

Wanaobisha huwa wananitajia China. Ni kweli, Februari 2020 mkoa wa Hubei walianza kuhesabu wagonjwa wa korona hata kwa picha ya mapafu, idadi ikaruka karibu 15,000 kwa siku moja, ila kule vipimo vilikuwa havitoshi na ugonjwa umejaa mtaani. Mwezi uliofuata tu chama cha madaktari wa radiolojia cha Marekani kikasema CT isitumike kuchuja watu wala isiwe kipimo cha kwanza. Halafu kuna mionzi, eksirei ya kifua ni kama milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.1, CT ya kawaida inafika 6 au 7. Kama una mimba au unahisi unayo, sema mapema.

Shangazi yeye alistahili. Eksirei ilitoka haina kitu cha maana lakini oksijeni inashuka, na hapo napo palikuwa na kituko, katoka harusini Ngamiani vidole vimejaa piko, oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, inasoma namba za ajabu, nesi akahamishia kidole kisicho na piko ndo tukaona asilimia 88 ya kweli. (Rangi ya kucha nayo futeni.) Hali ikiwa hivyo, au mtu amemaliza dozi na hapati nafuu, au pumzi imebana ghafla wanahofia donge la damu, CT ina kazi. Ila ya kutafuta donge inataka dawa ya kuchoma kwenye mshipa ili mishipa ionekane kwenye picha, kwa hiyo mwenye figo mbovu au mzio aseme. Ya nimonia peke yake kwa kawaida haihitaji dawa hiyo.

Kwenye mashine kwenyewe hakuna maumivu, unavua cheni na sidiria yenye chuma, unalala, sauti inakwambia vuta pumzi, bana, achia. Tatizo mtu mwenye kikohozi kubana anashindwa na akitikisika picha inachafuka, sasa mfanyisheni mazoezi palepale kwenye benchi mkisubiri kuitwa. Shangazi alikuwa anacheka, lakini ilimsaidia.

Muulizeni daktari swali moja, majibu yakitoka hivi au vile dawa zitabadilika? Kama hapana, hela hiyo ina kazi nyingine. Na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, makohozi yapimwe TB hata kama kila mtu ana uhakika ni virusi.

Mkishapiga, daini CD pamoja na ripoti ya karatasi, ile picha ya simu mnayorushiana WhatsApp daktari mwingine haimsaidii kitu. Na msikimbilie kurudia eti muone kama pamesafika, madoa yanaweza kukaa wiki kadhaa na mtu yuko sokoni anabishana bei ya samaki.