Moshi unarudi ndani: anza na bomba

Dada yangu, umesema jiko lako la kuni huko Njombe linarudisha moshi sebuleni kila upepo ukivuma, na bomba linaishia chini ya kilele cha paa. Hapo ndipo penye tatizo. Liinue lipite kilele, ulivishe kofia. Linapopenya dari ya mbao, acha nafasi pande zote na uizibe kwa bati.

Kuni mbichi achana nazo. Zinajaza bomba masizi yenye lami, na yakishika moto nyumba iko hatarini. Pasua, anika kibandani miezi sita au zaidi.

Nakuomba sana, usiku usizibe bomba ili kubakiza joto, wala usipeleke makaa chumbani kwa watoto. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye moto na makaa, haina harufu, na inaua.