PSA ya mzee imeshuka, aache sindano?

Mkuu pole sana na mzee. Umeuliza kama aache Zoladex, sindano yake ya saratani ya tezi dume, kwa vile PSA (kipimo cha damu cha kufuatilia ugonjwa huo) imeshuka toka 86 mpaka 2 na usiku anateswa na joto, mi nakuambia asiache kabisa bila daktari wake kusema. PSA imeshuka kwa sababu ya hiyo hiyo sindano, inazima testosteroni, homoni ya kiume ambayo ndo chakula cha saratani hiyo, ukikata kiholela homoni inarudi na ugonjwa unaamka.

Baba yangu kapitia hayo. Wiki za mwanzo mgongo ulizidi kuuma tukashtuka kweli, kumbe sindano hizi zinapandisha testosteroni kwanza ndo zinaishusha, kwa hiyo kawaida mgonjwa anaanzishiwa mapema vidonge vya bikalutamaidi vya kuzuia testosteroni isifanye kazi, sisi hatukupewa na hakuna aliyetuambia, iliniuma sana.

Joto na jasho ni kama ya mama aliyekoma hedhi, mwambieni daktari, zipo dawa za kupunguza. Mi naona mifupa ndo ya kuangalia zaidi maana inapungua nguvu, atembee kila siku na muulizie kalsiamu na vitamini D. Zoladex ya miligramu 10.8 ni kila wiki 12, tarehe isipitilize.

PSA ikija kupanda tena bado kuna vidonge vya abirateroni, navyo vinamezwa tumbo tupu, na mgonjwa anapewa pia predinisoloni (dawa ya steroidi). Ila miguu ikifa ganzi ghafla au mkojo ukigoma, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kliniki.