Maswali na Majibu: Uchawi Mezani, Kanuni Mizanini

Maswali yote ya safari hii yanahusu Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano, ambalo kanuni zake zilitoka mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2024. Pale ambapo vitabu hivyo viwili vinatofautiana, nitasema.

Mchezaji wangu ana kasisi anayeanza tu. Anadai kwamba kwa Create or Destroy Water, uchawi wa kuumba maji, anaweza kumjaza adui maji mapafuni akamzamisha papo hapo aliposimama, kwa kuwa pafu ni chombo kilicho wazi. Nilikosa la kumjibu.

Jibu ni hapana, na sababu imo katika sentensi ile ile anayoitegemea. Uchawi huo huumba galoni 10, yaani takriban lita 38 za maji safi, ndani ya chombo kilicho wazi. Pafu ni kiungo cha kiumbe, na uchawi unaolenga kiumbe husema hivyo waziwazi, na mara nyingi humpa nafasi ya kurusha dadu ili ajinusuru. Huu hausemi lolote kati ya hayo. Isitoshe, kanuni za jumla zinataka njia isiyozibwa baina ya mchawi na mahali anapopalenga, na mbele ya pafu kuna mbavu na nyama.

Hata hivyo, hoja ya mizani kwangu ina uzito kuliko hoja ya lugha. Burning Hands, uchawi wa moto wa ngazi hiyo hiyo ya kwanza (ngazi ni kipimo cha nguvu ya uchawi), hutoa madhara ya dadu tatu za pande sita, wastani wa pointi 10 na nusu, na anayejinusuru huumia nusu yake tu. Kama maji ya ngazi ya kwanza yangeweza kuua jitu lenye pointi 100 za uhai, nani angehangaika kujifunza uchawi mwingine wowote?

Mpiganaji wangu huvaa deraya nzito. Druidi, yaani mchawi wa maumbile, wa upande wa pili aliipasha moto kwa Heat Metal, uchawi wa kuchemsha chuma, nikafa humo humo, na hakuna dadu niliyorusha iliyopunguza madhara. Je, mwendesha mchezo alikosea?

Pole, lakini hakukosea. Madhara yake ni dadu mbili za pande nane, na kujinusuru kunahusu tu kama utakiangusha kitu chenyewe, jambo linalomfaa aliyeshika upanga na lisilomsaidia kitu aliyevaa chuma mwili mzima. Kuvua deraya nzito huchukua dakika 5, ilhali uchawi wote hudumu dakika 1. Dakika hiyo ni mizunguko 10 ya sekunde sita sita, na kwa wastani wa pointi 9 kila mzunguko utakuwa umepoteza 90 kabla hujamaliza hata vifungo vya mabega. Wakati wote huo unashambulia kwa kurusha dadu mbili na kushika iliyo ndogo.

Udhaifu wa uchawi huu uko kwa druidi mwenyewe, kwa sababu ni lazima aushikilie kwa umakini. Kila anapoumizwa, hana budi kurusha dadu na kufikia 10 au nusu ya madhara aliyopata, kutegemea ipi ni kubwa, la sivyo uchawi unakatika. Kwa hiyo iache deraya, waite wenye pinde. Kitabu cha mwaka 2024 kimeongeza kwamba ili kukuunguza tena katika zamu zinazofuata, deraya iwe bado ndani ya futi 60, hivyo kukimbia nako ni kinga. Kile cha 2014 hakikuwa na sharti hilo, na druidi aliweza kujibanza nyuma ya ukuta akaendelea kukuchemsha kama chungu cha maharage. Mimi ninapoendesha mchezo, simpi adui uchawi huu mpaka kikundi kiwe na angalau mtu mmoja wa kupiga kutoka mbali.

Kwa nini Fireball, uchawi wa mlipuko wa moto, ina nguvu kupita uchawi mwingine wa ngazi ya tatu?

Kwa sababu waandishi waliipendelea. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unapendekeza dadu sita za pande sita kwa uchawi wa ngazi hiyo unaopiga wengi. Fireball hutoa nane, wastani wa 28 badala ya 21. Breki yake ni ukubwa wake wenyewe: mlipuko una kipenyo cha futi 40, na vyumba vingi vya mapangoni havifiki hapo, kwa hiyo wenzako nao wataungua. Huwasha vitu vinavyoshika moto pia, isipokuwa vilivyovaliwa au kubebwa.

Mwendesha mchezo wetu husema tu, "Mchawi anaanza kutamka maneno," halafu anauliza kama nitautangua uchawi huo kwa Counterspell, bila kuutaja. Hiyo ni haki?

Ni haki, mradi naye afungwe kwa kamba hiyo hiyo. Kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017 kinasema kwamba kutambua uchawi unaotumiwa kunagharimu kitendo cha kujibu, na kutangua kunahitaji kitendo hicho hicho, ambacho kila mhusika anacho kimoja tu kwa mzunguko. Kwa hiyo aliyetambua hawezi kutangua. Mezani kwetu tunamruhusu apige kelele ili mwenzake atangue. Ubishi uliisha siku tulipoanza kuandika jina la uchawi kwenye kikaratasi, tukakikunja na kukikandamiza kwa dadu, wachezaji na mwendesha mchezo sawasawa, kisha kufunua baada ya uamuzi.

Kwa kanuni za 2014, uchawi wa ngazi ya tatu kushuka chini ulikatika bila dadu kurushwa, na nafasi ya uchawi iliyotumika (kila mchawi ana idadi maalumu ya nafasi hizo) ikapotea. Tangu 2024 anayetanguliwa hurusha dadu ya kujinusuru, na akishindwa, nafasi yake inabaki. Naupendelea utaratibu huu mpya, maana hakuna kinachochosha kama kusubiri zamu yako dakika ishirini ili ufutwe kwa neno moja.

Matunda ya Goodberry, uchawi wa matunda yanayoponya, yakiumbwa na kasisi wa Uhai, ambaye uponyaji wake huongezewa pointi, bado yanaponya pointi 40?

Kwa 2014 ndiyo, matunda 10 kwa pointi 4 kila moja. Kwa 2024 hapana: nyongeza ya kasisi hufanya kazi katika zamu ya kutumia uchawi tu.

Mchawi wangu ni wa "level" ya 3. Mbona nakatazwa uchawi wa "level" ya 3?

Kiingereza kimetumia neno moja kwa mambo mawili. Mezani tunasema daraja la mhusika na ngazi ya uchawi, na mchawi hufikia ngazi ya tatu akiwa daraja la tano. Kanuni za msingi zilitolewa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kutafsiri ukitaja chanzo, kwa hiyo unaweza kuwaandikia wenzako jedwali la madaraja na ngazi kwa Kiswahili na kuwagawia.