Shangazi, nilimwahidi mtoto sitosema

SWALI: Shangazi asalaam aleykum. Mie nasomesha chuo kidogo cha Qurani cha jioni huku Makorora, Tanga. Kuna binti wa miaka tisa siku hizi anakaa kajikunyata tu, juzi kajisahau akapandisha mkono wa baibui nikaona alama za moto, moja bado mbichi kabisa. Nikamwita pembeni na ukhti anayenisaidia, akasema mjomba wake humuunguza na kijiko akichelewa kurudi dukani, afu akaniapisha nisimwambie mtu na mie kwa huruma nikamwahidi. Mama yake nilipomgusia akanisihi tuyamalize humu humu, manake mjomba ndo anayelipa kodi ya nyumba. Jirani yangu Mkristo ananambia huko Ulaya na Marekani sheria inawabana hata mapadri watoe taarifa. Sasa mie sio daktari wala padri, hii inanihusu kweli? Na ahadi je?
Ustadh, Makorora

JIBU: Waaleykum salaam ustadh wangu. Naanza na ahadi maana naona ndo inayokunyima usingizi. Ulimwahidi kwa huruma, sawa, ila unayemsitiri pale sio mtoto, ni mjomba. Siku unayokwenda kutoa taarifa mwambie mwenyewe kwa lugha nyepesi, nilikosea kukuahidi, sitaki uungue tena kwa hiyo namwambia mtu ambaye kazi yake ni hii. Usiache akashtukia wageni wamebisha hodi nyumbani, hapo atajua umemgeuka na kesho hatomwambia mtu tena hata akiunguzwa mwili mzima.

Inakuhusu? Tena sana. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 hakikuchagua kazi ya mtu, kimesema mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa ni wajibu wake kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Yeyote, yani wewe, huyo ukhti, jirani yako Mkristo na mpaka yule muuza mihogo ya kukaanga hapo nje ya chuo kama kaona. Na hilo neno "taarifa" lishike vizuri, hujaambiwa ulete uthibitisho kama hakimu, alama ulizoziona na maneno aliyokwambia mtoto yanatosha kukupeleka ofisini, ya kuchunguza waachie wenyewe. Kwa hiyo usimwite tena na tena arudie kusimulia, usimkalishe mbele ya wazee, na picha ya kidonda tafadhali isiende kwenye grupu la WhatsApp la wazazi (nishaona hayo kwa macho yangu, mtoto kageuzwa tamasha mtaa mzima).

Huko anakosema jirani yako mambo yalianza na madaktari. Marekani mwaka 1962 daktari anaitwa C. Henry Kempe na wenzake waliandika kuhusu watoto wanaoletwa hospitali wamevunjika mifupa huku wazazi wanasema kaanguka, na ndani ya miaka kama mitano majimbo yote yakawa na sheria ya kuripoti. Ireland wao wametaja kazi kwa orodha, walimu, madaktari, viongozi wa dini, sheria ya 2015 iliyoanza kubana Desemba 2017. Ugomvi mkubwa uko kwenye kitubio, yani pale Mkatoliki anapoungama dhambi zake kwa padri. Padri wa Kikatoliki akitoa siri ya muungamaji anatengwa na kanisa, basi 2025 jimbo la Washington huko Marekani lilipotunga sheria isiyomwachia padri hata siri hiyo, kesi ikafunguliwa na jaji akaizuia isiwaguse mapadri kwenye kitubio. Mie nina maoni yangu kuhusu hilo ila leo sio siku yake, kwa sababu wewe ustadh huna kitubio! Uliambiwa na mtoto pembeni tu, huna pa kujifichia.

Mjomba atakuja na hoja ya kulea, ati anamfunza adabu. Sheria hiyo hiyo imekataza adhabu ya kikatili kwa mtoto, na kijiko cha moto hata bibi zetu waliokuwa wakali kama pilipili mbuzi wasingekiita adabu.

Mama usimgombeze. Anayelipa kodi anaogopwa, na huyo dada yangu anahesabu atalala wapi na wanawe. Hilo la kodi mwambie afisa ustawi wa jamii wazi wazi, asije akapeleka barua ya wito nyumbani kisha mama na mwana wakalala humo humo na mjomba kafura. Ustawi wana mamlaka ya kumwita mjomba, wewe huna, kwa hiyo usiende kumkabili.

Kidonda kibichi kinataka hospitali leo, Bombo si mbali. Afu nenda kwa mtendaji wa mtaa na ukhti wako mkiwa wawili, andikeni tarehe, mlichoona na maneno ya mtoto kama alivyoyasema bila kuyapamba. Wakikwambia "nendeni mkaelewane kifamilia", usibishane nao, ondoka uende dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure hata kama simu haina salio.