Jibu: Kuishi Bury St Edmunds bila gari

Salaam dada. Umeuliza kama muuguzi wa zamu za usiku anaweza kuishi Bury St Edmunds, mji wa mashariki mwa Uingereza, bila gari, na pia kuhusu shule. Mimi naishi huku bila gari na mambo yanakwenda, ila angalia njia ya kurudi nyumbani kutoka kazini kabla ya kupenda nyumba. Hospitali ya West Suffolk iko kusini mwa mji, stesheni ya treni iko kaskazini, na usiku mabasi ni haba. Tafuta chumba ambacho utakifikia kwa miguu ukitoka zamu.

Nyumba za katikati zinavutia kweli, lakini nyingi ni za kale na zinalindwa kisheria. Mwenye nyumba habadilishi madirisha bila kibali, kwa hiyo huenda ukakuta ya zamani yanayopitisha baridi. Omba cheti cha nishati, kile cha herufi A (bora kabisa) hadi G kinachoonyesha nyumba inatumia nishati vizuri kiasi gani, kabla ya kusaini. Halafu pitisha mkono ukutani chini ya dirisha. Ukiona unyevu achana nayo, gharama za kupasha joto zitakumaliza.

Soko ni Jumatano na Jumamosi. Unga wa ugali mimi hufuata Cambridge kwa treni. Jumapili maduka makubwa hufunga mapema, mengi saa kumi jioni, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Suala la shule nawaachia wenye watoto humu.