Barua kwa Mwanangu Kuhusu Oysterbay

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wewe na mumeo mnahamia Dar es Salaam. Umeniuliza kama Oysterbay, ambako mmeonyeshwa nyumba kongwe ya kupanga, palikuwa mahali pa matajiri tangu mwanzo. Hapana, mwanangu. Palikuwa mahali pa wakubwa, na wakati ule mkubwa na tajiri hawakuwa lazima mtu mmoja.

Rasi ile ilikuwa ya wavuvi wa Msasani, na kijiji chao kipo hadi leo, kimebanwa na majumba. Daraja la Selander lilipovuka mkondo wa Msimbazi njia ikafunguka, na kuanzia miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ikawajengea huko maofisa wake. Kanuni za ujenzi, ambazo Waingereza walizirithi kwa Wajerumani, ziliugawa mji katika kanda tatu, nazo hazikutaja rangi ya mtu bali aina ya nyumba: kanda ya kwanza iliruhusu nyumba za kukaa za mtindo wa Kizungu tu, na asiye na uwezo wa kujenga hivyo alikuwa amekwisha kutengwa. Wananchi waliielewa vizuri sheria hiyo, ndiyo maana wakasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mpango wa mji wa 1949 ulizungumzia msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, lakini ramani ilibaki karibu ileile.

Babu yako alikuwa mpishi huko. Nyumba kubwa ilikuwa na baraza pana iliyoelekea baharini, madirisha ya wavu, na sakafu nyekundu iliyopigwa nta ambayo babu yako hakuikanyaga kwa viatu hata siku moja. Sisi tulikaa chumba cha nyuma, kule kwenye kota ya watumishi, mlango ukitazama ua wa michongoma na kidirisha kikiwa juu karibu na paa. Usiku kucha tulisikia mawimbi, lakini bahari yenyewe hatukuiona tukiwa chumbani. Ninakueleza hili kwa sababu watu husifu utulivu wa Oysterbay kana kwamba uliota wenyewe kama mikrismasi ya barabarani, na mimi najua ulipimwa, ukachorwa na ukahudumiwa.

Baada ya uhuru wa 1961 wakubwa wetu waliingia katika nyumba zilezile, kota zikiwa pamoja nazo, na barabara zikapewa majina ya viongozi wa Afrika: Toure, Kenyatta, Haile Selassie. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa hiyo aliyekaa nyumba ya serikali huko alikaa kwa cheo, na cheo kikiisha alikabidhi funguo. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa, hasa kwa watumishi wake. Nilisikitika wakati ule na ninasikitika bado, kwa kuwa zilikuwa mali ya umma. Viwanja vile vilipimwa vipana ili kila ofisa apate upepo na bustani, na upana huohuo ndio uliovitia thamani fedha ilipoanza kuamua: panapobomolewa nyumba moja ya zamani, panasimama jengo la ghorofa lenye familia nyingi.

Kuhusu majirani, msitegemee kugongewa mlango na mtu anayeomba chumvi. Kuta ni ndefu, na walinzi wameongezeka tangu Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katika mtaa wa Laibon na kuua watu 11. Lakini Coco Beach iko wazi. Jumapili watu huja kutoka Manzese na Buguruni na watoto wao, wakanunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, wakaketi wakitazama maji bila kuulizwa wanakaa wapi. Nendeni huko kabla hamjaenda kwingine.

Mkirudi kuitazama ile nyumba, zungukeni hadi nyuma ya kiwanja. Kama kota bado ipo, ingia ndani, simama chini ya kidirisha, kisha uniandikie unachokiona.

Ni mimi baba yako.