Unataka kazi ya kompyuta? Kaombe daftari la madeni kwanza

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji, kamaliza fomu siksi kombi EGM, "kaka shikamoo, nasikia umepata kazi Dom, na mimi nataka kusoma kompyuta chuo, nianze na lugha gani, Python au Java?" Nikaanza kumjibu WhatsApp nikaona inakuwa gazeti. Halafu siyo yeye tu, tangu nipate hii ajira meseji zimejaa, hata waliokuwa hawapokei simu zangu sasa hivi naitwa mtaalamu. Haya.

Lugha ya kuandikia programu chagua moja ukae nayo, basi. Nimeona watu wanabishana Python na Java mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika programu ambayo mtu mwingine anaitumia.

Mimi nimesoma hapa hapa Dodoma. Msuli, madesa, kuomba Mungu usipate sapu, kusubiri bumu, hayo utayakuta mwenyewe sina haja ya kuyasimulia. Mambo yalianzia fildi. Nilipangiwa ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, nikategemea nitaonyeshwa mifumo, nikakabidhiwa printa. Kila asubuhi "wewe kijana wa kompyuta, karatasi imekwama huku". Chumba cha seva nilikuwa napita mlangoni tu, wakati wenzangu wenye koneksheni wanarudi hosteli wanasimulia walichofundishwa. Iliniuma, na siwezi kujifanya imeisha.

Sasa jioni nilikuwa napitia kwa shangazi Sabasaba, anauza mafuta ya alizeti, ndoo na madumu, na nusu ya wateja wanakopa. Madeni yote yako kwenye kaunta buku moja limeloa mafuta mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili. Nikamwambia shangazi nipe hilo nikutengenezee programu. Akanipa, ila picha nipige, daftari lisitoke dukani.

Aisee. Mle ndani kulikuwa na Mama Asha, M/Asha, Mama Asha Nkuhungu na Mama Asha mweupe. Wawili kati yao ni mtu mmoja! Nikasema poa, nitawatambua kwa namba za simu. Namba nazo, huyu kaandikwa kuanzia 07, yule +255, mwingine 255 bila alama, na zile nilizoanza kuingiza kwenye Excel sifuri ya mbele imemezwa kwa sababu Excel inadhani ni hesabu. Dawa yake ni kuhifadhi namba kama maandishi, unatoa nafasi na alama zote, unabaki na tarakimu 9 za mwisho ndizo unazolinganisha. Nikashangilia, kumbe kuna mke na mume wanatumia simu moja na kila mtu ana deni lake, na kuna anayebadilisha laini kila akidaiwa. Mwisho ikabidi programu yenyewe impe kila mteja namba yake ya ndani isiyobadilika, simu ikabaki kuwa taarifa tu ya kumpata. Darasani hiyo mada ya ufunguo wa jedwali, yaani ile alama isiyojirudia inayotambulisha kila mstari, niliikariri nikafaulu, ila kuielewa nimeielewea kwenye mafuta ya alizeti.

Niliandika kwa Python, data nikazihifadhi kwa SQLite, programu ndogo ya kutunza majedwali, vyote bure, SQLite haitaki hata seva, data zote zinakaa kwenye faili moja unalinakili kwenye fleshi jioni. Laptopu yangu betri ilishakufa, umeme ukikatika inazima hapo hapo, lakini deni lililokwisha kuhifadhiwa unalikuta. Mume wa shangazi alikuwa ananicheka, "miaka yote hiyo chuo umekuja kututengenezea daftari?" Siku mteja alipokana deni nikamsomea tarehe na ndoo alizochukua, mzee akakaa kimya akavuta kiti aangalie.

Kwenye intavyuu ya kazi niliyonayo GPA hawakuigusa. Jamaa mmoja kaniuliza hiyo programu ya duka, kwa nini hukutumia namba ya simu kama ufunguo? Nilitamani nimkumbatie. Niliongea mpaka wakanikatiza.

Kwa hiyo vijana wenzangu, acheni kukusanya vyeti. Mtu ana vyeti vya kozi kumi za mtandaoni, muulize umetengeneza nini, anakuonyesha vyeti. Na msiwalipe hawa wauza kozi wa kwenye status, CS50, kozi ya mtandaoni ya utangulizi wa kompyuta ya chuo cha Harvard, iko bure kabisa na inatosha kuanzia, bando lako tu. Laptopu usisubiri mpya, iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na SSD, ile diski ya kasi, inafanya kazi zote za mwanzo. Jifunze Git mapema, ni programu ya kutunza historia ya kodi yako, halafu uipandishe GitHub mtandaoni ili kazi yako ionekane. Na punguzeni mikeka, mnashinda mnahesabu odi halafu mnasema hesabu za chuo ngumu. Hata wewe unayesubiri ajira za serikali kule Mtumba, mji wa serikali, ukiitwa unakutana na mchujo wa kuandika, na huko koneksheni haikuandikii jibu. Tengeneza kitu cha mtu wa kweli. Narudia, cha mtu wa kweli, siyo kikokotoo cha kwenye video.

Dogo, EGM ina hesabu, huna shida. Kabla chuo hakijafunguliwa tafuta duka, pharmacy, kikoba cha mama, chochote kinachoandikwa kwenye karatasi, ukae na hiyo karatasi wiki nzima kabla hujagusa kompyuta. Ukikwama nitafute, ila usiniandikie "kaka inagoma". Nitumie picha ya skrini nione mstari wa mwisho kabisa wa ile meseji ya kosa, Python aina ya kosa huwa inaiandika pale chini, na wengi mnaanza kusoma juu mnaogopa mnafunga.